Mwalimu Ohm na Fyuzi ya Nanighi

Yapo majina ambayo sisi walimu tumeyaandika ubaoni mara nyingi hata tukasahau kwamba yaliwahi kuwa majina ya watu. Twasema volti, twasema wati, twasema ampea na ohm, kama tusemavyo kilo na mita, na mwanafunzi huondoka darasani akidhani kuwa maneno hayo yalizaliwa pamoja na vitabu. Leo nakusudia kumtoa mmoja wao kitabuni na kumsimamisha mbele ya wasomaji kama binadamu. Huyo ni Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule aliyefariki mwaka 1854. Nina deni kwake, na deni hilo nililitambua usiku mmoja karibu na Nanighi, kando ya Mto Tana.

Ilikuwa mwaka 1994. Wakati huo nilikuwa nikifundisha fizikia katika shule ya upili, nami nilikuwa nimepata nafasi katika pikapu kuukuu iliyotoka Garissa ikiteremka na mto kuelekea upande wa Garsen. Tulikuwa abiria tisa: wawili mbele pamoja na dereva, na sisi wengine nyuma juu ya magunia ya unga. Kando yetu palikuwa na madebe mawili ya petroli yaliyofungwa kwa kamba. Waliopita njia ile miaka hiyo wanajua ilivyokuwa: mashimo yasiyokwisha, vumbi jembamba lipenyalo kila mahali, na joto lisilopungua hata jua likitua. Tulipokaribia Nanighi, giza likiwa limekwisha kutanda, taa kubwa zote mbili zilizimika kwa pamoja.

Dereva alisimamisha gari, akafungua kisanduku cha fyuzi chini ya dashibodi, akachomoa fyuzi ya kioo iliyokuwa imekatika. Hakuwa na nyingine. Akatoa karatasi ya fedha katika pakiti ya sigara, akaikunja mara nne, akaizungushia ile fyuzi iliyokufa na kuirudisha mahali pake. Taa zikawaka. Abiria wakamshukuru Mungu na kumsifu dereva kwa ufundi wake. Aliyemshikia tochi wakati wote huo alikuwa mimi.

Haikupita nusu saa kabla ya sisi wa nyuma kusikia harufu ya plastiki inayoungua. Mara moshi ukajaa mbele, na chini ya dashibodi ukaonekana mwanga mwekundu ambao haukuwa wa taa. Palikuwa na mama mwenye mtoto mchanga mbele kule, na mlango wa upande wake ulikuwa mgumu kufunguka. Tulimvuta kupitia dirishani, mtoto akitangulia. Wengine wakayateremsha yale madebe ya petroli na kuyavingirisha mbali. Dereva aliinua boneti, akafunga kitambaa mkononi na kuing'oa waya ya betri kwa nguvu. Kitambaa kikashika moto na kiganja chake kikaungua. Moto tuliuzima kwa mchanga. Hakuna aliyefariki, lakini hilo lilikuwa jaala ya Mungu tu, si kwa busara ya yeyote kati yetu.

Tulilala kando ya barabara. Mzee mmoja mfugaji, aliposikia kuwa mimi ni mwalimu wa sayansi, alitaka kujua kama jambo lililotupata ni la bahati mbaya au ni jambo ambalo watu wa vitabu hulijua kabla halijatokea. Nikamjibu kuwa hujulikana. Akataka kujua limejulikana tangu lini. Nilihesabu miaka, nikamwambia kuwa tangu kabla ya baba yake kuzaliwa. Mzee hakuniuliza ni kwa nini, basi, nilishika tochi. Alijitandikia shuka lake akalala. Mimi sikulala.

Basi na tumwangalie huyo aliyejua tangu zamani.

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, kusini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi wa makufuli. Hakupata elimu ya juu ya shule, lakini alijifundisha mwenyewe kwa vitabu, akafika kiwango cha kuwafundisha wanawe hisabati, fizikia, kemia na falsafa nyumbani. Watoto walizaliwa saba, wakaishi watatu tu. Mama yao alifariki Georg akiwa na umri wa miaka kumi. Mdogo wake, Martin, naye alikuja kuwa mwanahisabati mashuhuri. Kutoka kwa baba huyo Georg alirithi vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai katika nyumba moja: hesabu za wasomi na mikono ya fundi chuma. Nawaomba wasomaji wakumbuke jambo hili, kwa maana ndilo lililomfanya awe alivyokuwa.

Mwaka 1805 aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Wanafunzi wanaosoma safu hii huenda wakafarijika kusikia kuwa hakuanza vizuri. Alipenda mno kucheza dansi, kuteleza juu ya barafu na kucheza biliadi, na masomo yakazorota. Baba yake alikasirika kuona mwana akichezea nafasi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuipata. Baada ya mihula mitatu kijana aliondolewa chuoni akapelekwa Uswisi, na mwaka 1806, akiwa na umri wa miaka 17 tu, akaanza kazi ya kufundisha hisabati shuleni. Huko alisoma kwa juhudi zake mwenyewe vitabu vya wanahisabati wakubwa, na mwaka 1811 akarudi Erlangen na kupata shahada ya udaktari.

Shahada hiyo haikumletea mkate. Alifundisha chuoni kwa muda, lakini malipo yalikuwa haba na matumaini ya kupandishwa cheo hayakuwapo. Mwaka 1813 alikubali kazi ya ualimu katika shule moja mjini Bamberg, shule ambayo haikuwa na sifa, na ambayo ilifungwa mwaka 1816. Katika upweke huo aliandika kitabu cha kufundishia jiometri. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1817, na mwaka huohuo akaajiriwa mjini Köln kufundisha hisabati na fizikia katika shule ya upili iliyoanzishwa na Wajesuiti. Hapo mambo yakabadilika. Shule ile ilikuwa na maabara yenye vifaa vizuri, na mwalimu Ohm, baada ya vipindi vya darasani, alijifungia humo na kuanza kazi iliyolifanya jina lake lidumu.

Yafaa tukumbuke umeme ulikuwaje wakati ule. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alikuwa ametangaza betri ya kwanza. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aligundua kwamba waya inayopitisha umeme huigeuza sindano ya dira. Ajabu zilikuwa nyingi, vipimo vichache. Watu walijua kuwa waya ndefu hudhoofisha umeme kuliko waya fupi, na kwamba waya nyembamba si sawa na waya nene, lakini hakuna aliyekuwa ameitangaza kanuni ya kutegemewa. Ilikuwa kama soko ambalo kila muuzaji ana kibaba chake.

Ohm alitaka kibaba kimoja. Alizitengeneza ala zake kwa mkono wake mwenyewe, kwa ustadi alioupata katika karakana ya baba yake. Majaribio yake ya kwanza, aliyoyatangaza mwaka 1825, yalimsumbua kwa kuwa betri za zama zile hazikutulia: nguvu ilipanda na kushuka kabla hajamaliza kupima. Hakukata tamaa. Kwa ushauri wa mhariri wa jarida la fizikia, Johann Poggendorff, aliiacha betri akatumia njia nyingine. Aliunganisha metali mbili, bismathi na shaba, upande mmoja wa maungio akauweka katika maji yanayochemka na wa pili katika barafu. Tofauti ya joto hilo na baridi hiyo huzaa umeme mdogo lakini uliotulia. Kisha akapitisha umeme huo katika waya za shaba zenye unene mmoja na urefu mbalimbali, huku akipima jinsi sindano ya sumaku ilivyogeuka. Akapima tena na tena, siku baada ya siku. Mwaka 1826 kanuni ikajitokeza.

Kanuni hiyo kila mwanafunzi wa shule ya upili huikariri. Mkondo wa umeme unaopita katika waya hulingana na msukumo unaousukuma, yaani volteji, na hupungua kwa kadiri ya ukinzani wa njia. Gawanya volti kwa ohm, utapata ampea. Maneno machache tu, ambayo mtoto aweza kuyashika kwa dakika mbili. Ohm yalimgharimu ujana wake.

Wapo wataohoji kwamba hakuwa wa kwanza, nao watakuwa na haki. Mwingereza tajiri, Henry Cavendish, alikuwa ameigundua kanuni ya namna hiyo mwaka 1781, karibu nusu karne kabla yake. Hakuwa na kipimo cha mkondo, hivyo alitumia mwili wake mwenyewe, akilinganisha ukali wa mitikisiko aliyoipata. Lakini Cavendish hakuyachapisha majaribio hayo. Karatasi zake zilikaa kabatini hadi James Clerk Maxwell alipozitoa hadharani mwaka 1879, karibu karne moja baadaye. Ukweli uliofungiwa kabatini haukumsaidia mtu yeyote. Sijui kama ni halali kumlaumu marehemu, ila nikikumbuka usiku ule wa Nanighi naona kuwa mimi nami nilikuwa na kabati langu, nalo lilikuwa kichwani.

Turudi kwa Ohm. Mwaka 1826 aliomba likizo, akaenda Berlin kwa nusu mshahara ili aandike kitabu. Kilitoka mwaka 1827, kikiieleza sakiti ya umeme, yaani njia nzima ya mzunguko wa mkondo, kwa lugha ya hisabati. Alitumaini kwamba kitabu hicho kingemfungulia mlango wa chuo kikuu. Mlango haukufunguka. Baadhi ya wasomi wa nchi yake hawakuwa na mazoea ya kuona fizikia ikivishwa hisabati namna ile. Wengine walikibeza waziwazi, wengi zaidi hawakukijali. Mwaka 1828 aliacha kazi yake ya Köln, na kwa miaka kadhaa akaishi Berlin kwa vipindi vichache vya kufundisha. Mtu aliyekuwa ameipa dunia ufunguo wa umeme alikuwa akitafuta wanafunzi wa kuwafundisha hesabu ili apate chakula.

Mwaka 1833 alipata nafasi katika chuo cha ufundi mjini Nürnberg. Heshima yenyewe ilitoka ugenini. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunuku nishani ya Copley, tuzo iliyokuwa kubwa kupita zote ambazo jumuiya hiyo ilizitoa. Miaka 14 ilikuwa imepita tangu kitabu kitoke. Mwaka 1849 alihamia München, na mwaka 1852, akiwa na umri wa miaka 63, akapewa kiti cha uprofesa wa fizikia katika chuo kikuu alichokitamani maisha yake yote. Alikikalia miaka miwili tu. Alifariki tarehe 6 Julai 1854, hakuwahi kuoa. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa mafundi na wanasayansi wa umeme uliofanyika Paris ulikubali jina lake liwe kipimo cha ukinzani. Jina la mtoto wa fundi makufuli likaingia katika kila lugha ya dunia, na Kiswahili kimo.

Sasa msomaji ataniuliza: haya yote yanahusu nini fyuzi ya pikapu? Ohm alifariki miaka 32 kabla ya Karl Benz kupata hataza ya gari lake mwaka 1886. Hakuwahi kuona gari la injini ya petroli. Hata hivyo, kila fyuzi iliyomo ndani ya gari hutii kanuni yake. Naomba tuitende hesabu, kwa kuwa ni hesabu ya darasa la kawaida.

Betri ya gari dogo ina volti 12. Taa kubwa moja ya wati 60 huhitaji ampea 5, na taa mbili ampea 10. Hivyo njia ya taa yaweza kuwekewa fyuzi ya ampea 15: mkondo wa kawaida hupita bila tatizo, na nafasi kidogo hubaki. Ukinzani wa taa moja inapowaka ni 12 kugawanywa kwa 5, yaani ohm 2.4. Ukinzani huo ndio unaouzuia umeme usipite wote kwa mkupuo.

Gari nyingi hazina waya ya pili ya kuurudisha umeme kwenye betri. Kazi hiyo hufanywa na mwili wa gari wenyewe, ambao ni chuma. Waya ya taa ikisuguliwa na ukingo wa bati kwa mitikisiko ya barabara mbovu, plastiki yake huchubuka, na shaba ikigusa chuma umeme hupata njia ya mkato. Haupiti tena kwenye taa. Ukinzani uliobaki ni wa kipande cha waya tu. Tuseme ohm 0.06. Gawanya 12 kwa 0.06. Jibu ni ampea 200, badala ya 10.

Hapa yuaingia mwana mwingine wa kazi za mikono, James Prescott Joule wa Uingereza, aliyekulia katika familia ya watengenezaji bia. Katika miaka ya 1840 na 1841 aliyapima majoto yatokayo katika waya na kuthibitisha kwamba joto hukua kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukizidi mara 20, joto katika waya ileile halizidi mara 20 bali mara 400. Waya iliyokuwa na uvuguvugu usiohisika hugeuka kuwa kaa la moto kwa muda mfupi. Plastiki yake huyeyuka, na waya za jirani nazo huvuliwa nguo.

Watu wengi, hata waliosoma, hudhani kuwa umeme wa gari hauna hatari kwa kuwa mtu aweza kushika vichwa vya betri asitikiswe. Ni kweli hautikisi, maana volti 12 ni msukumo mdogo usioweza kushinda ukinzani wa ngozi kavu. Lakini chuma si ngozi. Betri ileile isiyomdhuru mtoto akiigusa huweza kutoa mamia ya ampea, na ndiyo maana huweza kuizungusha injini nzima wakati wa kuwasha gari. Udogo wa volti si udogo wa moto.

Fyuzi ni kipande cha metali kilichofanywa kiwe dhaifu kwa makusudi. Huwekwa katika njia ya umeme ili mkondo ukizidi kipimo, yeye ayeyuke kwanza kabla ya waya kupata joto la kuunguza. Inakufa ili gari lisife. Gari za siku hizi hutumia zile za plastiki zenye miguu miwili bapa, nazo zina rangi za kuzitambua: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, manjano 20, kijani 30. Na kipimo chake huchaguliwa kwa kuangalia unene wa waya inayolindwa. Anayeitoa ya ampea 15 na kuweka ya 30 kwa sababu ya kwanza hukatika mara kwa mara, hajaponya ugonjwa. Amemziba mgonjwa mdomo.

Iko pia ndugu ya fyuzi, yaani swichi inayojikata yenyewe. Ndani yake mna ulimi wa metali mbili zilizobanwa pamoja, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto. Mkondo ukizidi, ulimi hupinda na kuachana na mahali ulipogusa, njia ikakatika. Ukipoa hunyooka, na aina nyingine hurudi kazini zenyewe, nyingine hungoja kubonyezwa. Hizi huwekwa katika baadhi ya gari kwenye njia ambazo mzigo waweza kuzidi kwa kitambo kisha ukapungua, kama vile mota za madirisha. Fyuzi hufa mara moja. Swichi hii huzirai na kuzinduka. Lakini zote mbili zasema neno moja: kuna kasoro mahali fulani, itafuteni.

Na hilo ndilo neno ambalo hatukulisikia usiku ule. Fyuzi ilikuwa imetuambia kuwa waya imechubuka. Sisi tuliinyamazisha kwa karatasi ya sigara, ambayo ikikunjwa mara nne hupitisha mkondo mwingi kuliko waya yenyewe ivumiliavyo. Tangu hapo kiungo dhaifu katika sakiti kilikuwa waya, na waya ilipita chini ya magoti ya mama na mtoto wake. Dereva simlaumu. Hakuwahi kufundishwa, na alikuwa na abiria tisa porini usiku. Wa kulaumiwa alikuwapo, ameshika tochi. Muhula uliotangulia nilikuwa nimewafundisha wanafunzi 40 kanuni ya Ohm, nikawapa maswali kumi, na wengi wakayapata yote. Mimi mwenyewe ningeyapata yote. Hata hivyo, nilipoona karatasi ile ikizungushwa, hakuna chochote kichwani mwangu kilichonyanyuka kusema hapana. Kanuni niliyoifundisha ilikuwa ya karatasi ya mtihani, na mtihani haukuwapo pale.

Hapo ndipo maisha ya Ohm yanaponisuta. Yeye hakuipata kanuni kwa kuikariri. Aliipata kwa waya mkononi, barafu upande huu na maji ya moto upande ule, kwa sababu alilelewa na baba aliyeamini kwamba kichwa na mkono ni watumishi wa nyumba moja. Sisi tumewatenganisha. Mwenye hesabu tumempeleka chuo kikuu, mwenye mkono tumemwacha gereji, nao hawasalimiani. Fundi wa umeme wa magari hujua ni waya gani huungua, asijue sababu. Mwanafunzi hujua sababu, asiijue waya. Barabarani usiku wote wawili ni abiria wa gari moja.

Najua walimu wenzangu watakavyojibu: maabara hatuna, vifaa hatuna, silabasi ni ndefu. Nimefanya kazi katika shule za aina hiyo na siwabishii. Lakini somo la fyuzi halihitaji maabara. Chukua betri mbili za tochi, balbu yake, vipande vya waya, na unywele mmoja wa ile sufi ya chuma ya kusugulia sufuria. Uweke unywele huo juu ya kigae, uuunganishe katika njia ya balbu. Balbu itawaka na unywele hautadhurika. Kisha gusanisha waya mbili za balbu ili umeme upite njia ya mkato. Unywele utawaka mwekundu na kukatika, na njia itakufa papo hapo. Mwulize mwanafunzi ni nini kingeungua kama badala ya unywele ungeweka msumari. Atakayejibu swali hilo amemwelewa Ohm, hata kama ataikosea tahajia ya jina lake.

Kulipopambazuka siku ile, kabla gari jingine halijatuchukua, nilirudi kwenye pikapu nikapekua majivu ya kile kisanduku. Fyuzi yetu ilikuwamo, kioo chake kimepasuka, karatasi ya sigara imegandamana nayo, nyeusi lakini nzima. Ilikuwa imevumilia hadi mwisho, na uvumilivu wake ndio uliotuponza. Niliitia mfukoni. Tangu mwaka huo, kila nilipofika kwenye kanuni ya Ohm, sikuanza kwa kuandika kitu ubaoni. Niliitoa fyuzi ile nikaipitisha darasani mkono kwa mkono, nikangoja mpaka mmoja wao aulize ni nini kilichotokea.